Mkaa wa Siku ya Tisa

Kila mwaka nyumbani kwetu kulikuwa na vita vya siku moja na nusu, na vilianzishwa na kitambaa cheupe.

Jioni ya siku ya nane ya sikukuu yetu ya siku kumi, mimi hukusanya vitabu na kalamu zote za nyumba, nikavipanga mbele ya picha ya Saraswathi, mama wa elimu, nikavifunika kwa kitambaa na kuwasha taa ya shaba. Kuanzia hapo hakuna kusoma wala kuandika mpaka asubuhi ya siku ya kumi. Watoto wa mtaa mzima wanaijua sheria hii, na hakuna sheria wanayoipenda zaidi. Mama yangu alinitia hofu nikiwa mdogo kabisa: ukiandika siku ya tisa, herufi zinakukimbia, na zikikimbia hazirudi. Basi nilifika miaka sitini na minne sijasoma hata karatasi ya dawa siku ya tisa.

Sasa katika wanaume wote wa mji wetu wa Thalassery, niliozwa nani? Niliozwa Achuthan. Jina lake naliandika hapa kwa sababu karatasi haina masikio. Kwa mdomo sijawahi kulitamka, maana kwetu mke hataji jina la mumewe, na hata yeye, aliyebishana na kila desturi chini ya jua, katika hiyo hakuniweza. Mimi namwita Baba Sunanda, kwa jina la binti yetu.

Baba Sunanda aliandika gazetini miaka thelathini na minane. Alikuwa pia mhakiki wa vitabu, na waandishi wa riwaya walimwogopa kuliko homa. Juu ya hayo alikuwa kiongozi wa chama cha wale wanaoamini akili peke yake, wanaozunguka vijijini kufichua ujanja wa waganga na watu wanaojiita watakatifu. Na siku aliyoichagua kuandika makala yake makali kuliko yote ya mwaka ilikuwa siku ya tisa. Aliingiza mkono chini ya kitambaa changu, mbele ya macho yangu, akachomoa kalamu yake na kusema, "Samahani, mama." Alikuwa anaiambia picha, si mimi.

Mwaka mmoja nikasema leo atanijua. Nikakusanya kalamu, penseli, hata chaki za Sunanda, nikazifungia kabatini, ufunguo nikautia kifuani. Aliuangalia mlango wa kabati, akaniangalia mimi, akaenda jikoni akipiga mluzi. Akatoa kipande cha mkaa mekoni, akachana karatasi ya mwezi uliopita kwenye kalenda, na nyuma yake akaandika makala nzima, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho.

"Mkaa hujaufunika," aliniambia, pua yake nyeusi tii.

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikamkuta anacheka peke yake kisimani, nikashindwa kujizuia.

Msidhani tuliishi kama paka na panya. Nani alikuwa anamtengenezea vidonge vya majivu? Mimi. Ilikuwa hivi: wale watu watakatifu wanapunga mkono hewani, na majivu matakatifu yanatoka kiganjani, watu wanapiga magoti. Baba Sunanda alifanya vilevile mbele ya umati, halafu akawaonyesha siri: kidonge kidogo kilichofichwa kati ya vidole, unakisaga kwa dole gumba. Kidonge chenyewe ni majivu yaliyokandwa kwa maji ya uji wa mchele na kuanikwa juani. Maji ya uji yakiwa mepesi, kinavunjika mapema. Yakiwa mazito, hakisagiki. Hakuna mwanachama hata mmoja, pamoja na digrii zao, aliyeweza kuyapata sawasawa. Niliwatengenezea mimi, baada ya kuwasha taa yangu asubuhi, na sikuona ubaya. Wezi wanaotumia jina la Mungu sikuwapenda mimi pia.

Lakini kuna siku mambo yalimwendea kombo. Katika kijiji kimoja ng'ambo ya mto alifanya onyesho, akaeleza siri, watu wakapiga makofi. Bibi mmoja aliyeitwa Cheeru, aliyekaa mstari wa mbele, akayaramba yale majivu. Juma lililofuata alikuja kwetu kwa miguu na mkungu wa ndizi kichwani. Tumbo lililomsumbua miaka mitano lilikuwa limetulia. Akainama kumgusa Baba Sunanda miguu, naye akaruka juu ya kiti kama aliyeona nyoka.

Alimfuata yule bibi mara tatu kumweleza. Mara ya pili alichukua vidonge, akamsagia mbele ya macho yake. Mara ya tatu Bibi Cheeru alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu, watakatifu wa kweli wote hukataa. Ndiyo maana mimi nakujua."

Alirudi, akaketi barazani, chakula hakukigusa.

"Bhargavi," aliniambia, "nchi hii ina miungu mingi, na mimi leo nimeongeza mmoja."

Nilicheka hadi mbavu zikauma. Kisha nikaona hachekeshwi, nikaketi kando yake. Ndizi tulikula siku nne. Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu neno ndizi likawa na maana yake. Mtu akigeuza maneno yako yakawa kinyume cha ulichosema, tulisema: amekuletea ndizi.

Mwaka ninaotaka kuusimulia, mvua za kwanza za Juni zilimkuta barazani na gazeti lake. Nilisikia kiti kikianguka. Hospitali walisema ni damu kuziba kichwani. Majuma matatu baadaye nilimrudisha nyumbani. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa, na maneno yalimtoka moja moja, kwa shida. Nilishukuru Mungu kwa hayo, kwa sababu alikuwa hai na alinitambua.

Kila asubuhi nilimpa gazeti na kahawa. Alilifungua, akapindua ukurasa mmoja baada ya mwingine, akalikunja na kulikalia, kama alivyofanya siku zote. Siku moja kwa haraka nikachukua kwenye lundo gazeti la juzi nikampa. Akalisoma lote, ukurasa hadi ukurasa. Mtu huyu zamani gazeti likichelewa saa moja alitoka na mwavuli kwenda kulisubiri stendi! Nilisimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi.

"Baba Sunanda," nikasema, "leo kuna habari gani?"

Alilishusha gazeti magotini.

"Sijui," akasema. Akagusa ukurasa kwa kidole. "Miguu... ya kunguru."

Majuma mawili alikuwa anajifanya anasoma, ili nisijue. Niliingia jikoni nikafungulia maji ya bomba yapige kelele, nikalia.

Daktari, mama mmoja kijana mwenye maneno machache, alituambia wazi. Macho yamesahau herufi, lakini kidole kinaweza kukumbuka. Ashikwe kidole cha mkono wa kushoto, aongozwe kuandika herufi kubwa kwenye mchele au mchanga, aitaje kwa sauti, kila siku bila kukosa. Miezi sita ya kwanza ndiyo ya kufanyia kazi. Baada ya hapo, alisema, mlango unakuwa mgumu kufunguka.

Nilitandaza mchele kwenye sinia siku hiyohiyo. Akalisukuma kwa goti, mchele ukamwagika mkekani.

Nilijua kwa nini. Kwetu mtoto wa miaka mitatu hufundishwa herufi ya kwanza hivyohivyo: anapakatwa siku ya kumi mbele ya Saraswathi, anashikwa kidole, anaongozwa juu ya mchele. Kila mwaka gazeti lake lilifanya sherehe hiyo ukumbini, wasomi wakakaa jukwaani na watoto mapajani, na kila mwaka yeye alikataa kukaa nao. Sasa mimi namletea sinia lilelile.

"Mtoto?" aliniuliza, akijigonga kifua. "Mimi mtoto?"

Ni aibu iliyomzuia zaidi kuliko msimamo wake, nadhani. Mhakiki aliyewafundisha wengine kuandika, ashikwe kidole na mkewe aliyeishia darasa la saba! Nikaomba, nikafoka, nikambembeleza kwa samaki wa kukaanga. Alikula samaki. Julai ikaisha, Agosti, Septemba.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu, aandike tena. Si lazima makala, hata orodha ya sokoni ingenitosha. Alikuwa anazimika mbele yangu siku baada ya siku, hajibu mtu, habishani na mtu, redio ikisema upuuzi anaiacha iseme. Nilimpenda, na nilikuwa namwona anaondoka akiwa ameketi palepale kitini.

Hapo ndipo nikafanya kosa langu.

Alikuwapo Rajeevan, mhariri msaidizi wa gazeti, mwanamume wa miaka arobaini hivi, ambaye Baba Sunanda alimfundisha kazi. Alikuja kila Jumapili, akamkata kucha, akamsimulia umbea wa ofisini. Simsemi vibaya. Jumapili moja alinivuta jikoni.

"Mama, siku ya kumi inakuja. Kwa nini tusimfanyie hapahapa nyumbani? Mimi na mpiga picha, basi. Wasomaji wananiuliza habari zake kila siku. Hebu fikiria, mwalimu na kidole chake kwenye mchele! Mji mzima utalia."

"Hatakubali."

"Asiambiwe. Akiamka akakuta sinia na sisi tumeshafika, atakataa vipi? Ananipenda."

Nilipaswa kuuliza, na chini ya picha hiyo mtaandika nini? Sikuuliza. Nikasema sawa. Na niseme ukweli wote: moyoni nilitaka mama wa elimu ashinde, japo kidogo. Miaka arobaini na moja nimelala na mtu anayeicheka taa yangu. Nilitaka mara moja tu aje upande wangu.

Jioni ya siku ya nane nikatandaza kitambaa juu ya vitabu. Kalamu yake nikaiweka katikati. Nililala nikiisubiri asubuhi, na asubuhi ya siku ya tisa hakuna mkono uliokuja kuichomoa. Nilidhani nitafurahi. Niliitazama kalamu ile chini ya kitambaa, imetulia, hakuna anayeidai, ikaniuma kuliko miaka yote aliyoiiba.

Nilikuwa uani naanua nguo Janaki alipopaza sauti kutoka ng'ambo ya ukuta. Janaki ni jirani yangu kwa miaka thelathini sasa, nilikuwa nimemnong'oneza siri, na hajawahi kusema jambo kwa sauti ndogo.

"Dada Bhargavi! Mimi kesho naleta maua! Watu wa gazeti wanafika saa ngapi? Nivae ile sari ya krimu? Maana picha itakwenda dunia nzima, mtu wa kumkana Mungu akipiga magoti!"

"Janaki, sauti!" nilimwambia, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Niliingia barazani. Alikuwa ameketi na kahawa yake, ananitazama.

"Kesho?" akasema.

Nikajifanya nakunja nguo.

"Rajeevan?"

"Baba Sunanda, ni picha moja tu, yule kijana anakupenda, na daktari mwenyewe alisema mchele..."

"Bhargavi." Alingoja mpaka nikamwangalia. "Ndizi."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningekuwa na jibu, nina majibu ya miaka arobaini. Alikuwa ananisihi. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa unalia na upande mwingine umelala tu, na ndipo nikaona nilichokuwa nimemfanyia. Maisha yote alisema jambo moja, na sasa, akiwa hana maneno ya kujitetea, mimi ndiye ningempeleka kwa watu wamgeuze muujiza. Ningemletea mkungu wa ndizi kwa mikono yangu.

Niliketi sakafuni miguuni pake. "Nisamehe. Nitampigia Rajeevan simu, nitamwambia asije."

Akatikisa kichwa. Alinishika kwa mkono wake mzima, wa kushoto.

"Leo," akasema.

"Leo nini?"

"Mchele. Leo."

Nikaelewa. Alikuwa amekubali. Aibu ameimeza, atakuwa mtoto, atashikwa kidole. Lakini si siku ya kumi. Atajifunza siku ya tisa, siku iliyokatazwa, ili asiwepo mtu duniani wa kusema kwamba Saraswathi ndiye aliyempa. Na wa kumshika kidole nani? Nyumba nzima tulikuwa wawili tangu Sunanda aolewe.

Msinicheke. Sikuogopa adhabu yangu, niliogopa kwa ajili yake. Kama mama yangu alisema kweli? Kama herufi za mtu huyu zimebaki zimejificha kwenye kona moja tu ya kichwa chake, nami nikazigusa siku ya tisa, zikakimbia moja kwa moja? Nitakuwa nimemzika kwa mkono wangu. Ningoje kesho tu, nikawaza, masaa machache. Lakini nilimwona anavyoniangalia, nikajua kwamba kesho hatanyoosha kidole. Ni leo au hakuna.

Nilikwenda mbele ya picha. Nikasema kwa sauti, yeye akisikia, "Mama, kosa hili ni la mkono wangu. Yeye mwache."

Kisha nikachukua sinia nililokuwa nimelitayarisha kwa ajili ya kesho, mchele mpya uliochaguliwa punje kwa punje, nikashusha mapazia ya baraza, nikaketi ubavuni pake. Kidole chake kilikuwa cha baridi na chembamba. Nilikishika.

Tulianza na herufi yetu rahisi kuliko zote, upinde mmoja tu, kama mgongo wa mwavuli. "Ra," nikasema. "Ra," akasema. Tukafuta. "Ra." Tukafuta. Mara ishirini. Nikamwachia nikamuuliza, "Hii nini?"

Aliikodolea macho. "Mwavuli."

Tulicheka wote wawili, tukaanza upya. Uji wangu uliungua jikoni, nilisikia harufu nikauacha. Shingo iliniuma. Janaki aliniita ukutani mara mbili, sikuitika. Mara sitini, mara themanini, sijui. Nilikuwa nikisema ra na moyoni nikisema mama nisamehe, moja juu ya nyingine, mpaka sikujua tena lipi natamka.

Karibu na adhuhuri nilihisi kidole kinanivuta. Hadi hapo mimi ndiye nilikuwa navuta. Nikafungua mkono. Kidole kikaenda peke yake, kikapanda, kikazunguka, kikashuka, kikasimama. Akakiangalia alichokiandika, na midomo yake ikaanza kujitayarisha kabla ya sauti.

"Ra," akasema. Akanigeukia haraka. "Ra! Bhargavi, ra!"

Herufi ya pili, tha, ilitushika mpaka saa tisa. Tulipoziweka pamoja likawa neno la kwanza ambalo kila mtoto wetu hulisoma katika kitabu chake cha kwanza, thara, yaani sakafu. Mume wangu, aliyewahi kuandika kurasa arobaini kuhusu udhaifu wa riwaya moja, alisoma neno sakafu kwenye mchele, akaweka kichwa chake begani kwangu. Nililia, sikuficha. Na furaha ilikuwa kubwa mno hata hofu ikakosa pa kukaa.

Aliinua kichwa. "Nyingine," akasema.

Asubuhi ya siku ya kumi hatukumzuia mtu. Yeye mwenyewe aliniambia, "Waje." Janaki alifika na maua na sari ya krimu, nyuma yake majirani watano ambao eti walikuwa wanapita tu. Rajeevan akaja na mpiga picha. Niliweka sinia lenye mchele mwingine barazani.

"Mwalimu, geuka kidogo," Rajeevan alimwambia kwa upole. "Uelekee taa."

Baba Sunanda hakugeuka. Alinyoosha kidole chake cha kushoto, hakuna aliyemshika, na mbele ya watu wote akaandika neno lake polepole kwenye mchele. Kisha akalisoma.

Janaki alipiga vigelegele mpaka kunguru wakaruka mnazini. "Amempa! Mtu aliyemkana amempa! Mama Saraswathi, huna kinyongo!" Wanawake wakaitikia. Kamera ikalia. Rajeevan alikuwa anajifuta macho huku anaandika kwenye daftari lake.

"Mama," akaniuliza, "kwa hiyo tangu Juni, hii ndiyo mara ya kwanza?"

Baba Sunanda alifungua mdomo. "Ja..." akasema. "Ja... ja..." Neno likakwama. Uso ukamwiva, mshipa ukamtoka shingoni, na watu wakamnyamazisha kwa huruma, wakisema basi mzee, usijichoshe. Akaniangalia mimi.

Ningeweza kukaa kimya. Taa yangu ilikuwa inawaka vizuri, Janaki alikuwa ananitazama kwa fahari kama dada wa bibi harusi, na mpaka kufa kwangu mtaa mzima ungesema sala za Bhargavi ndizo zilizomrudisha. Na mimi nilikuwa nimesali kweli! Nani angejua?

"Jana," nikasema. "Anataka kusema jana."

"Jana nini, dada?"

"Aliandika jana, siku ya tisa. Mimi nilimshika kidole, tangu asubuhi mpaka saa ya chai."

Vigelegele vilikatika. Janaki alishusha mikono.

"Dada Bhargavi, usitanie mambo haya."

"Sitanii."

"Wewe? Wewe uliyemkaripia mwanangu kwa sababu alisoma gazeti lililofungiwa samaki?"

"Mimi huyohuyo."

Rajeevan alinisogelea. "Mama, niandike hivyo kweli? Watu watakusema."

"Waseme. Andika kwamba daktari alisema kidole kinakumbuka. Andika kwamba alikosea mara themanini kabla hajapata. Na mchele wenyewe tuliupika jana jioni tukaula na chatne ya nazi."

Nilikuwa nayasema haya mbele ya picha ya Saraswathi, taa ikiwaka. Baba Sunanda alivuta pumzi. Akamgusa Rajeevan daftari, kisha akaninyooshea mimi kidole, bado kina vumbi la mchele.

"Huyu," akasema. "Mwandishi... wa habari."

Katika miaka arobaini na moja alinipa sari, alinipa binti, alinipa maumivu ya kichwa. Hakuwahi kunipa kitu kilichonifurahisha kama maneno hayo.

Gazeti liliandika mistari tisa, ukurasa wa ndani, bila picha. Janaki hakusema nami mwezi mzima, na ukimya wa Janaki si jambo dogo, mtaa wote uliuona. Akarudi siku moja na chupa ya achari ya embe, akasema ameitengeneza nyingi mno. Mimi jioni ile ya siku ya kumi niliwasha taa kama kawaida, nikaomba radhi. Sijajibiwa mpaka leo. Hofu sijaimaliza yote.

Mwaka ukazunguka. Baba Sunanda alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zinazoyumba, mistari kumi kwa juma, na Rajeevan akaichapa. Redio ikisema upuuzi, anaijibu. Maneno yalikuwa yanamtoka matatu, manne kwa pamoja.

Jioni ya siku ya nane nilibeba vitabu mpaka mbele ya picha. Nikakuta kalamu yake imekwisha kuwekwa pale, peke yake, imefungwa kifuniko.

Aliketi nyuma ya gazeti lake, amelishika juu zaidi kuliko kawaida.

"Baba Sunanda, umesahau kitu chako huku."

"Sijasahau."

"Basi umeanza kuamini?"

"Mjinga wewe," akasema kutoka nyuma ya gazeti. "Ni kwa ajili yako. Si yake."

Niliifunika kalamu ile na kitambaa, nikakaa nayo hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Asubuhi ya siku ya tisa nilikuta jiko limechokonolewa, majivu yamezagaa sakafuni, na kalenda ukutani haina mwezi uliopita. Alikuwa barazani, ubao magotini, kipande cha mkaa mkononi. Pua nyeusi tii.

Akanipa ile karatasi. Kisha akakumbuka, akairudisha kifuani haraka. "Hapana. Leo huruhusiwi. Utasoma kesho."

Nilimpokonya. Herufi zilikuwa kubwa na za kupinda, mkaa umechafua pembeni, na ilikuwa mistari miwili tu: Mwaka jana, siku kama ya leo, mke wangu alinifundisha kusoma. Aliogopa sana, na hakuniachia mkono.

Nikaisoma palepale, siku ya tisa, kwa sauti, ili asikie kama herufi zote zimekaa mahali pake.